Kila Mtu Aitaka Pwani, Kijana wa Pwani Ataka Kwenda Wapi?

Mwezi uliopita familia yetu ilikaa kikao kwa sababu ya shamba. Ni shamba la minazi na miembe, ekari tatu na ushei, upande wa juu wa barabara kuu kati ya Mtwapa na Kikambala. Babu ndiye aliyelipanda. Sasa amejitokeza mzee mmoja kutoka bara, mstaafu wa serikali, amelipenda na ameleta bei. Dada yangu alishuka kutoka Lamu, ndugu yangu aliyeko Muscat alikuwa kwenye simu, nami nilitoka Mji wa Kale kwa matatu, saa nzima na zaidi kwa msongamano wa Mtwapa.

Tukiwa bado twabishana juu ya bei, mpwa wangu, mtoto wa huyo dada, akasema kutoka pale mlangoni alipokuwa amesimama: "Mjomba, uzeni tu. Mimi hapa sikai. Lamu pia sirudi."

"Wataka kwenda wapi?"

"Doha. Ikishindikana, Nairobi."

Baraza likanyamaza. Mgeni ametoka mbali kwa mapenzi ya mahali hapa, yuko tayari kutoa akiba yake ya maisha apate pa kuzeekea. Kijana aliyezaliwa hapa, ambaye babu yake alipanda minazi hiyo kwa mkono wake, haoni cha kumweka. Dada yangu hahami Lamu hata akivutwa kwa kamba, lakini ndiye aliyemlipia mwanawe pasipoti. Nami niliyekuwa nikitoa nasaha za kutouza urithi, sijalala katika shamba hilo hata usiku mmoja kwa miaka sita. Naishi Mombasa, nalalamika kila siku, na sihami.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: ni nini hasa humfanya mtu apende upande mmoja wa nchi akauacha mwingine? Sisi Wapwani tuna jibu la haraka. Twasema watu wa bara wapenda bahari, na vijana wetu wameharibiwa na tamaa. Jibu hilo halitoshi.

Tuanze na hesabu

Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini. Ukijumlisha kaunti zetu sita, yaani Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, wapata watu milioni 4.33. Nairobi peke yake ilikuwa na milioni 4.40. Pwani nzima, yenye zaidi ya kilomita za mraba 80,000, kuanzia Vanga hadi Kiunga na kupanda mpaka Taveta, ina watu wachache kuliko jiji moja lisilofika kilomita za mraba 750. Kwa hiyo tunaposema "kila mtu ataka Pwani", tuseme kila mtu ataka kuizuru. Kukaa ni jambo jingine.

Ndani ya Pwani yenyewe tofauti ni kubwa vilevile. Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, karibu 5,500 kwa kila kilomita ya mraba. Tana River ina watu wanane tu kwa kilomita hiyo hiyo. Kilifi, jambo ambalo wengi hawalijui, ina watu wengi kuliko Mombasa: 1,453,787. Lamu ina 143,920, idadi ambayo mitaa michache ya Kisauni na Likoni ingeimeza bila kushiba.

Lakini tazama na hili. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, watu wa Mombasa waliongezeka kwa asilimia 29 hivi. Watu wa Lamu waliongezeka kwa karibu asilimia 42. Lamu ile tunayosema kila kijana aikimbia ndiyo iliyokua kwa kasi kubwa zaidi Pwani. Vizazi vimo katika hesabu hiyo, na wageni waliofuata ardhi na bandari wamo pia. Maana yake, mahali panaweza kukimbiwa na mwenyeji na kukimbiliwa na mgeni kwa wakati mmoja. Ndiyo hadithi ya shamba letu.

Mombasa, mama wa wote

Mombasa hupendwa kwa sababu ina vitu. Ina bandari, ina hospitali kuu ya rufaa ya eneo zima, ina benki, mahakama, vyuo na madrasa, na ina Marikiti ambapo hata asiye na mtaji aweza kuanza na karai moja la maembe. Kijana anayetoka Garsen au Kinango haji Mombasa kwa sababu ya Ngome ya Yesu. Aja kwa sababu akikosa kazi ya wiki, hapati kukosa kibarua cha siku.

Lakini Mombasa yenyewe yaishi kwa majirani. Maji yake yote makubwa yatoka nje: Mzima iko Taita Taveta, Baricho iko Kilifi, Marere na Tiwi ziko Kwale. Wafanyakazi wake wengi hulala Mtwapa, Mariakani au Ng'ombeni kwa sababu kodi ya kisiwani haishikiki. Mtu afanya kazi kaunti moja, alala kaunti ya pili, na anywa maji ya kaunti ya tatu. Mwenye kuyatoa maji, huko Mwatate au Voi, mfereji wake waweza kukauka juma zima huku bomba la Mombasa likipita karibu naye.

Na vitu hivyo vya Mombasa havikuota wenyewe. Vikiondolewa, watu huondoka. Tuliliona hilo baada ya reli ya SGR kuanza 2017, na hasa pale ilipoamriwa mizigo ipande reli na ikakaguliwe Nairobi. Changamwe na Miritini zilinyamaza. Karakana zikafungwa, mama lishe wa madereva wa malori wakarudi mashambani, nyumba za kupanga zikabaki na vibao. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022, ukaguzi ukarudi bandarini. Bahari ilikuwa pale pale wakati wote huo, na upepo wa kusi ulivuma kama kawaida. Kilichobadilika ni karatasi moja iliyotiwa saini, na mahali palipopendwa pakapoa.

Ndugu watano waliobaki

Kilifi na Kwale ni ndugu pacha. Zote mbili zina pwani ambayo dunia huijia, Malindi na Watamu huku, Diani kule, na zote mbili zina upande wa ndani ambao mtalii haufiki: Ganze, Magarini, Kinango, Lunga Lunga. Mtu wa Diani na mtu wa Samburu ya Kwale wana gavana mmoja, lakini nchi yao si moja. Mmoja alalamika kwamba hoteli hazijajaa. Mwingine atafuta maji ya ng'ombe.

Zamani upande huo ulikuwa na riziki yake. Ramisi kulikuwa na kiwanda cha sukari, kikafa mwishoni mwa miaka ya 1980. Kilifi kulikuwa na kiwanda cha korosho, kikafa miaka ya 1990, na mikorosho ikawa kuni. Baba za wengi tunaowaita "wageni wa Kisauni" walitoka huko viwanda vilipofungwa. Kwale ilipata nafuu kwa uchimbaji wa madini ya titani karibu miaka 11, nao ukaisha mwishoni mwa 2024. Sasa vijana waliojifunza kuendesha mitambo mikubwa pale Nguluku na Maumba wanauliza swali lile lile la mpwa wangu.

Lamu ina sifa yake. Mji wake wa kale uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001. Mgeni akifika hukaa akisifu milango, utulivu na punda. Dada yangu asifu hayo pia, lakini ukimwacha aseme, atakuambia habari ya shemeji yake wa kisiwa cha Pate aliyeshikwa na maradhi ya figo: boti mpaka Mokowe, gari zaidi ya kilomita 300 mpaka Mombasa, kisha kutafuta kwa kulala, na wiki ya pili safari ianze tena. Mwisho waliuza ng'ombe na wakapanga chumba Majengo. Hawakuacha kuipenda Lamu. Figo ndizo zilizowahamisha.

Lami ya kutoka Garsen imefika, na gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Ni mambo ya kushukuru. Lakini mvuvi aliyezoea kuvua pale Kililana haulizi meli ngapi zimetia nanga, auliza ni wangapi wa kwao walioajiriwa. Na tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, usalama umekuwa kipimo cha kwanza. Mwalimu anayepangiwa shule ya Basuba hatazami ramani ya vivutio.

Tana River ina mto mrefu kuliko yote nchini na bado huingia katika orodha za njaa. Mto huo hufurika ukafukuza watu, kisha ukame ukafukuza waliobaki. Taita Taveta nayo, karibu asilimia 62 ya ardhi yake ni mbuga za Tsavo. Jirani wa mbuga apata ndovu shambani na mapato yapita juu ya kichwa chake. Ndiyo maana kaunti hiyo iliongezeka watu kwa asilimia 20 tu katika ile miaka kumi, kiwango cha chini kuliko zote sita.

Mapenzi ya mahali hutengenezwa

Watu husema, "bara wamebarikiwa". Mvua wamebarikiwa nayo, kweli. Lakini kuna mambo yaliyoandikwa na binadamu.

Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka wake wa sera Nambari 10, ule wa ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake mlikuwa na shauri moja zito: fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme tayari. Kwa mhasibu ni shauri la busara. Kwa mtoto wa Bura au Marafa ni hukumu. Penye barabara paliongezewa barabara, penye shule paliongezewa shule, na baada ya miaka 50 tukaanza kuulizana kwa nini watu wapenda kwenda upande ule.

Kabla ya hapo kulikuwa na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908. Katika ukanda wa maili kumi, mwenye kudai ardhi alitakiwa ajiandikishe. Madai ya mtu mmoja mmoja yalisikizwa. Ardhi ya ukoo na ya kaya, ambayo ndiyo iliyokuwa njia ya Wamijikenda, haikutambuliwa, nayo isiyodaiwa ikawa mali ya serikali ya kikoloni. Na tuseme ukweli wetu hapa barazani: baadhi ya wazee wetu Waswahili na Waarabu walipata hati wakati jirani zao walipogeuzwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao. Baada ya uhuru ardhi ile ya serikali ikabaki ya serikali, na wenye jamaa Nairobi wakajua njia ya kuifikia. Kila serikali imekuja na sherehe ya kugawa hati, na bado kuna vijiji vizima visivyo na karatasi.

Shamba letu ni mojawapo. Babu aliliacha, baba aliliacha, sisi tuna barua ya mgao iliyochakaa. Mara tatu tumekwenda afisi inayohusika, mara tatu tumeambiwa faili halionekani. Bila hati huwezi kukopa benki ukachimba kisima, wala ukafuga kuku kwa mtaji wa maana. Huwezi hata kuuza kwa bei ya haki. Yule mzee wa bara alikuwa mkweli: "Mngekuwa na hati, ningelipa mara mbili." Kijana wangu alisikia neno hilo. Alichofahamu ni kwamba mahali alipozaliwa thamani yake ni nusu, kwa sababu tu ni pake.

Nilizungumza na mzee huyo pembeni. Sikumwona kama adui. Aliniambia amefanya kazi miaka 31 katika miji minne, na kwamba hapa ndipo peke yake alipoona jirani akimpa chakula bila kumuuliza kabila lake. Apenda joto kwa sababu ya magoti yake. Apenda kusikia adhana ingawa si Mwislamu, kwa vile humwamsha mapema. Nikaona haya kidogo. Vitu alivyovitaja tunavyo sote, na hatuvihesabu. Hata babu yangu alikuwa mgeni. Alitoka Siyu na jahazi akafuata kazi ya bandari, akanunua shamba kwa akiba yake, kama huyu. Tofauti ni kwamba huyu ana pensheni, bima ya matibabu na gari la kumfikisha hospitali. Aweza kupenda upepo kwa sababu mengine yote amekuja nayo. Mpwa wangu hana cha kuja nacho, lazima akikute hapa.

Tusimlaumu kijana, tuidai bajeti

Katiba ya 2010 iliyaona haya. Kifungu cha 204 kiliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka kwa miaka 20, ili maeneo yaliyoachwa nyuma yapate maji, barabara, hospitali na umeme. Kaunti 14 ziliorodheshwa mwanzo kuwa zimetengwa. Tano kati yake zilikuwa za Pwani: Tana River, Kwale, Kilifi, Taita Taveta na Lamu. Ni Mombasa tu iliyobaki nje. Yaani katika nyumba yetu ya vyumba sita, vitano vilikubaliwa rasmi kuwa vinavuja. Fedha zenyewe zimechelewa mno kufika mashinani, zikazungushwa na kesi na kanuni, na wabunge wetu hatuwasikii wakizipigia kelele kama wanavyopigia nyingine.

Ugatuzi nao tangu 2013 umebadilisha mengi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, Taita Taveta ina chuo kikuu chake, na mtoto wa Kaloleni hana tena haja ya kwenda Nairobi kusoma. Zahanati zimejengwa. Lakini tumejenga kuta nyingi kuliko tulivyoajiri wauguzi. Na magavana wetu sita, ambao wana Jumuiya yao ya Kaunti za Pwani, bado kila mmoja avuta kamba upande wake. Kwa nini mgonjwa wa figo wa Pate aende Mombasa ikiwa kaunti tatu za kaskazini zingeweza kuchangia huduma moja kamili pale Malindi? Na Mombasa, inayokunywa maji ya wenziwe, kwa nini isiwe na mkataba wa wazi wa kuwalipa wenye chemchemi?

Maswali haya yana mahali pa kuulizwa. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na kabla ya hapo na baadaye huitwa vikao vya wananchi kutoa maoni. Mwaka jana nilihudhuria kimoja. Tulikuwa watu 20 hivi, nusu yetu wazee, na wengine waliulizia nauli kabla ya kuuliza lolote juu ya dawa. Usiku huo huo baraza la kahawa mtaani kwetu lilijaa mpaka pomoni, watu wakijadili nani kauza Pwani.

Kikao chetu cha familia kiliisha Maghrib. Tulikubaliana tusiuze mpaka hati ipatikane, na kila mmoja achange, ndugu wa Muscat atoe zaidi. Mimi nimepewa kazi ya kufuata faili kila mwezi, na nimeikubali mbele ya mashahidi. Tumemwahidi yule mzee robo ekari ya kujenga akiweza kungoja. Alisema atangoja, ila si milele, ana miaka 66.

Mpwa wangu hakusema atakaa. Nilimsindikiza stejini usiku, na kabla ya kupanda alisema: "Mjomba, ile hati ikitoka kabla ya visa, nipigie simu."

Tangu hapo nimekwenda afisi mara moja. Faili bado halijaonekana. Jumatatu nakwenda tena.